Mikono Yake Ilikuwa Inafanya Nini

Nuriati mwanangu,

Salamu nimeziweka mwisho wa barua, na si kwa kukosa adabu. Mwanga wa alasiri haukai chumbani humu. Nikianza kukuulizia hali na kukujulisha hali, kama tunavyoandikiana siku zote, jua litahamia ukuta wa jirani nami sijasema neno. Wewe na shangazi yako Mwanaesha mmekwenda Mirontsy kuwatembelea jamaa, na namjua dada yangu: akikaribishwa chai hanyanyuki mpaka aulizwe kama atalala. Kwa hiyo nina nafasi. Usishangae ukubwa wa herufi zangu, wala mistari inayoporomoka kila inapokaribia mwisho wa karatasi.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea. Lugha ya mama yako ilikuwa Kingazidja cha kisiwa chake, yangu ni Kindzuani cha kisiwa hiki, na tangu utoto wako tulipotaka kuelewana sawasawa, mimi na wewe, tulikimbilia lugha niliyoipata Unguja nilipokuwa mwanafunzi. Siku hizi ina faida nyingine. Wazungu wa bunduki wanaopekua mabegi ya wasafiri wanasoma Kifaransa, basi.

Jana mchana, tukiwa kwenye chakula, uliniuliza: "Baba, niende au nibaki?" Sikujibu. Ulingoja mpaka sahani zikaondolewa, ukapanda juu, nami nikasikia kufuli za sanduku zikifunguka. Asubuhi ya leo shangazi yako kaniambia kwamba nguo zako zote zimerudi kabatini. Ndege inaruka kesho kutoka Wani. Yule bibi mwalimu wako wa Beijing amekuandikia kwamba umri umekwenda, na kwamba kundi hili ndilo la mwisho atakalolisomesha vile vitabu vya kale. Usipoondoka kesho, hutasoma kwake tena. Haya yote unayajua kuliko mimi. Nayataja ili yawepo juu ya karatasi, kisha tuyazungumze.

Umekichukua kimya changu kuwa ni katazo. Nadhani umekisoma vibaya. Nitakueleza kwa nini, na nitakwenda kwa njia ndefu, maana ndiyo njia niliyofundishwa na ndiyo niliyokufundisha.

Habari za sweta, chakula na wanaume sitaziandika. Shangazi yako ameshazimaliza zote, na hiyo ya tatu ameitia chumvi mpaka imekuwa kali.

Nianze na Kichina chenyewe, kwa kuwa nadhani hujawahi kusikia kutoka kwangu nilivyolipokea jambo lile. Uliomba kwenda kusomea udaktari. Karatasi ya serikali ilipokuja ikasema lugha na maandishi ya Kichina, nilicheka, halafu nikakasirika. Niliona wamekutupa. Watu pale Moroni walikuja nyumbani kwa mama yako kutupa pole kama waliokuja matangani. "Kichina cha nini?" kila mmoja aliuliza, na mimi niliyetumia umri wangu wote kwenye vitabu vya Kiarabu ambavyo wauza samaki wa mji huu hawavihitaji, nilikaa nikawaitikia. Mama yako peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana. Aliuliza kama huko kuna baridi.

Ukaenda. Miaka ikapita, barua zikaja. Halafu mama yako akafariki ukiwa huko, na barua yangu ikakufikia tulipokuwa tumeshamaliza hata kusoma arobaini. Nalijua jeraha hilo. Najua kwamba jana asubuhi, uliponiangalia nikipapasa kikombe mezani, ulikuwa unamwona yeye. Sitakuambia kwamba halikuwa kosa lako, kwa sababu hukuniuliza, na kwa sababu unajua.

Uliporudi nilikuja kukupokea uwanja wa ndege wa Hahaya. Unakumbuka tulivyosimamishwa Itsandra. Mimi nakumbuka zaidi, kwa kuwa nilikuwa na hofu kuliko wewe. Wazungu wawili wenye nguo nyeusi, mmoja mwekundu wa jua na kijana, mwingine mtu mzima mwenye mvi kifuani. Wale walikuja kumwangusha mtu aliyejiita mwanamapinduzi, wakaua, wakakaa. Na kitu cha Kichina machoni pao kilikuwa na maana moja tu: mapinduzi. Yule kijana alipofungua mkoba wako akatoa kitabu kile chenye maandishi ya kuteremka kutoka juu kwenda chini, nilikusogelea. Akauliza kwa Kifaransa: hiki kinasema nini? Nami nikakunong'oneza kwa Kiswahili, "Mwambie cha mapishi."

Hukumwambia cha mapishi. Ulifungua ukurasa uliokuwa na uzi, ukamfasiria kama ulivyo. Kijana anasimama mlangoni, anamwambia baba yake kwamba anataka kwenda mbali kusoma. Baba anafunga ufagio. Haikuandikwa kwamba alijibu. Mstari unaofuata, kijana yuko njiani.

"Basi?" akauliza yule Mzungu.

"Basi," ukasema. "Hayo maandishi madogo pembeni ni ya watu waliokuja baadaye, wanabishana kama baba aliruhusu au alikataza."

"Aliruhusu, bila shaka. Asingeruhusu angesema."

Hapo yule mwenye mvi, aliyekuwa ameegemea gari lao akivuta sigara, akasogea. "Alikataza," akasema. "Baba akinyamaza amekataza. Wangu alinyamaza."

Wakaanza kubishana. Wallahi, Nuriati, nilikuwa nimesoma katika duru za wanavyuoni Unguja na hapa Mutsamudu, na sijapata kuona mabishano ya namna ile: wafafanuzi wawili wenye bunduki, kitabu cha Kichina mikononi mwa mmoja wao, na nyuma yetu msururu wa magari ambao hakuna dereva aliyethubutu kupiga honi. Mwisho mwenye mvi akakirushia kitabu mapajani mwako, akasema kitabu kisicho na mwisho ni cha wapumbavu, na akatuashiria tupite.

Tulipofika mbali nikakuuliza kwa nini hukusema cha mapishi. Ulisema, "Angeniuliza chakula gani, Baba, na mimi sijui kupika." Nikacheka mpaka machozi, miezi michache tu baada ya matanga ya mama yako, ndani ya teksi, na dereva akatuona hatuna akili. Nilicheka kwa sababu ya hofu iliyokuwa inatoka. Nakuambia sasa kwamba nilijivunia pia, ila wakati ule sikulisema.

Kile kitabu ndicho kilichonibadilisha. Nilikiomba ile jioni nyumbani, nikakiweka juu ya magoti, na macho yangu wakati huo bado yalikuwa yanafanya kazi. Herufi kubwa katikati, na kando yake, chini yake, katikati ya mistari, herufi ndogo ndogo kama chawa. Nikakuuliza hizi ndogo ni nini, ukanieleza. Nikasema, "Ala! Hii ni matini na sharhi!" Ndivyo vilivyo vitabu vyetu. Neno la mwenye kitabu katikati, kisha aliyefafanua, kisha aliyemfafanua aliyefafanua, mpaka ukurasa hauna mahali pa kuweka kidole. Ukanisimulia kwamba mwalimu wako alikaa nanyi muhula mzima juu ya ukurasa ule mmoja wa ufagio. Nami nikakusimulia kuhusu mwalimu wangu wa Unguja, aliyetukalisha mwezi mzima wa Ramadhani kwenye bismillahi ya kitabu tusiingie ndani. Tulifurahi sana siku ile. Nilifurahi kupita kiasi, kwa kweli, maana mara moja nikaanza kukufundisha Wachina.

Nikasema: hapa hapana ubishi. Katika vitabu vyetu vya ndoa, mwanamwali akiulizwa kuhusu mchumba akanyamaza, kimya chake ni idhini. Basi na baba huyu ameidhinisha. Ulinitazama kwa upole ambao sikuupenda. Ukasema, "Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba huwezi kuichukua hukumu ya jambo moja ukaivisha jambo lingine mpaka ujue sababu inayoyaunganisha. Mwanamwali ananyamaza kwa haya. Huyu baba, ndani ya nyumba yake mwenyewe, anamwonea haya nani?"

Nilijifanya nakohoa.

Ndipo ukaniambia swali la mwalimu wako. Wanafunzi wote walikuwa wanabishana juu ya kimya, wengine wameshaandika kurasa. Yeye akawaacha wamalize, akauliza: mikono yake ilikuwa inafanya nini? Wakajibu: inafunga ufagio. Akauliza: wa kufagia nini? Nao wakaona mwalimu wao amezeeka. Ikabidi mwende mkasome mambo mengine kabisa, namna watu wa zama zile walivyoishi, nani anafagia nyumba ya nani, kazi gani mwenye nyumba haigusi. Mkarudi baada ya majuma na jambo hili: katika nyumba ya watu wa namna ile, baba hafungi ufagio. Hiyo ni kazi ya mtumishi, na kama hakuna mtumishi, ni kazi ya mtoto. Baba akiwa ameushika ufagio mwenyewe, maana yake nyumba ile haina mtu mwingine ila wao wawili. Na kuanzia kesho atafagia yeye.

Kumbe kijana alipokuwa anatafuta ruhusa usoni, baba alikuwa tayari anajifunza kazi za nyumba isiyo na mwana. Ulinieleza hivyo mwishowe, na mimi sikujifanya nakohoa tena. Nilitoka nikakaa nje. Nilikuwa namfikiria mama yako, na nguo zake zilizokuwa bado zimetundikwa.

Sasa nikupe na yangu, maana nawe unakwenda kusoma vitabu na watu kwa pamoja, na mimi katika hayo mawili moja nilipasi na moja nilianguka. Hadithi hii umeisikia kwa mzaha. Mama yako alikuwa akiitoa kila wageni walipokuja, na kila alipoitoa alinivika kilemba kikubwa zaidi.

Nilifika Moroni nikiwa kijana, mwana wa Mutsamudu, nimerudi na elimu ya Unguja, nimemwoa mama yako kwa ndoa ndogo, bila zile karamu za kulisha mji mzima, na nimehamia nyumbani kwake kama ilivyo desturi. Juma la pili kukawa na harusi kubwa mjini, na wazee wamekaa uwanjani kusikiliza kisomo. Niliingia nikatafuta mahali. Mbele niliona nafasi karibu na wazee wenye majoho, na kwetu nilikolelewa mwenye elimu huitwa mbele. Nikaenda nikakaa. Ilipofika zamu ya dua nikaomba niseme neno, nikasema, na kwa Kiarabu kizuri. Nilipomaliza pakawa kimya. Kimya kizito, Nuriati, hata watoto hawakusogea. Nikarudi nyumbani nimejaa majivuno. Nikamwambia mama yako, "Wamenyamaza wote. Maneno yamewaingia."

Mama yako alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Mwenye kunyunyiza marashi alipopita, alikunyunyizia?"

Nikafikiri. Alinyunyizia wa kulia kwangu, kisha wa kushoto.

"Na nyama ulipewa fungu la kina nani?"

Fungu langu nililetewa na vijana, na nililiona dogo, nikadhani ni haraka ya harusi.

Akasema, "Umekaa kwenye kiti cha waliofanya ndoa kuu. Wewe hujaifanya. Kwa mji huu, hata ukiwa na mvi mpaka kwenye nyusi, mtu asiyeifanya ni mtoto. Wamenyamaza kama watu wanavyonyamaza mtoto wa mwenziwe akivua nguo mbele ya wageni."

Mji uliitoza familia yake mbuzi kwa ajili yangu, na kaka zake walimtoa bila kuniambia neno. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipita njia ya nyuma. Nilikuwa najua sharhi tatu za kitabu kimoja cha sala, na sikujua mahali pa kuweka makalio yangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila kitu kilikuwepo mbele ya macho. Marashi, nyama, mikono ya wazee iliyotulia juu ya magoti bila hata mmoja kunipa mkono. Mimi niliangalia nyuso, na nyuso za Moroni zina adabu.

Ile ndoa kuu sikuifanya maisha yangu yote, unajua. Kwanza sikuweza gharama zake, halafu nikazoea kukaa na vijana. Wana mazungumzo bora.

Na lingine, la aibu zaidi kwa mtu wa kazi yangu. Nilifundisha mlango wa mirathi msikitini Moroni mwaka hadi mwaka. Mwana wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, mke thumni, na kadhalika, naandika ubaoni, wanafunzi wanakokotoa. Kisha nachukua viatu vyangu narudi kulala katika nyumba ya mama yako, aliyoipata kwa mama yake, aliyeipata kwa mama yake, nyumba ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kurithi hata tofali. Wanafunzi wangu nao walirudi kwenye nyumba za namna hiyo hiyo. Kitabu kilikuwa kweli na nyumba zilikuwa kweli, na miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza. Wewe ndiye uliyeuliza, ukiwa na umri wa kukosa meno ya mbele: "Baba, kama ni hivyo, kwa nini nyumba ni ya Mama?" Nikakuambia nenda ukacheze. Mama yako alipofariki, nawe umesharudi, nikalijibu kwa miguu: nikafunga sanduku langu, nikawaachia wewe na mdogo wako wa kike nyumba yenu, nikavuka kuja huku kwa dada yangu. Mlinishika mkono nibaki. Lakini nilikuwa mgeni pale, mgeni aliyetunzwa vizuri sana.

Huko uendako utakuta watu wanaosoma ukurasa mmoja na kuishi mwingine, na hawaoni kama ni ajabu. Usiharakishe kuwaambia. Angalia kwanza wewe mwenyewe umelala nyumba ya nani.

Sasa macho.

Umekuwa hapa mwaka mzima ukingoja karatasi za Beijing, na mwaka mzima umekuwa ukinisomea baada ya alasiri. Tulianza ukinisomea maandishi ya pembeni tu, yaliyokuwa madogo. Kisha na ya katikati. Kisha ukaanza kunishika kiwiko kwenye ngazi za vichochoro, na mimi nikajifanya ni wewe unayehitaji kushikwa. Kisha ukaanza kunitolea miiba ya samaki. Hukusema, wala mimi sikusema. Sahani ilikuwa inakuja kwangu na samaki ameshakuwa safi, nami nakula kana kwamba samaki wa bahari yetu wameacha kuwa na miiba. Mganga wa hospitali aliniambia mwezi uliopita kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Nilikuambia kasema tuvute subira. Sasa unajua alichosema. Nakuandikia kwa sababu utalisikia tu, na ni afadhali ulisikie kabla ya kuondoka kuliko ulisikie huko kwa barua iliyochelewa. Barua moja iliyochelewa inatosha kwa mtu mmoja.

Jana, kabla ya lile swali lako kubwa, uliuliza dogo: "Nani atakusomea?" Hilo naweza kulijibu bila taabu. Kwetu mwenye kusoma kwa sauti ni mwanafunzi, na mwalimu kazi yake ni kusikiliza na kukasirika. Wanafunzi ninao, wanasoma vibaya, na masikio yangu ni mazima. Na shangazi yako amejitolea. Anajua kutamka Kiarabu chote bila kuelewa hata neno moja, mimi nitaelewa bila kuona hata herufi moja, na kati yetu sisi wawili patapatikana msomaji. Tumeshajaribu juzi ulipokuwa sokoni. Alisoma kwa sauti ya kumkemea mbuzi, nikamwambia mwandishi wa kitabu hakuwa na hasira namna hiyo, akanifungia kitabu. Tutazoeana.

Ila swali lako kubwa nililinyamazia, na sasa nitakuambia ukweli wake, wote. Nilikuwa na neno, na neno lenyewe lilikuwa "baki." Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Ninakupenda, Nuriati, na nyumba hii usipokuwemo itakuwa na giza la aina mbili. Nimezeeka, naogopa ngazi, naogopa kuita jina lako kwa mazoea na kumsikia shangazi yako akiitika. Kama ningefungua mdomo jana ningekuambia ubaki, na ungebaki, na ungenisomea vizuri mpaka nife, kisha ungekaa na kitabu chako cha ufagio bila mtu wa kubishana naye. Kwa hiyo niliufunga mdomo. Hicho ndicho ulichokiona usoni. Hukukosea kukiona.

Lakini wewe ni mwanafunzi wa yule bibi. Ulikaa muhula mzima juu ya ukurasa mmoja, ukaja kunifundisha mimi, ukawafundisha hata wale majambazi wawili pale Itsandra. Na jana uliniangalia uso. Uso tu, tangu mwanzo wa chakula mpaka mwisho. Nilikuwa nakuhisi unavyouangalia.

Kumbuka vizuri. Shangazi yako alileta kibua wa kukaanga. Ulinyoosha mkono uichukue sahani yangu kama kila siku, na mimi nikaivuta kwangu. Ulidhani nimeudhika na swali. Kisha nikainamisha kichwa, na kwa muda wote uliokuwa ukingoja jibu, mikono yangu ilikuwa ndani ya sahani. Nilimpasua samaki kwa kidole gumba. Nikatafuta uti, nikaung'oa. Nikapapasa mwiba mmoja mmoja nikaupanga ukingoni mwa sahani, taratibu, kama mwanamke anayechambua mchele. Mmoja ulinipita ukanichoma ufizi, nikaumeza na wali. Shangazi yako alipoiondoa sahani ilikuwa na kijilundo cha miiba upande mmoja. Wewe ulikuwa umeshainuka.

Nilikuwa nafunga ufagio, mwanangu.

Sasa nimelijibu swali kwa maandishi, ili pasiwe na haja ya mfafanuzi yeyote: nenda. Sanduku sikuligusa. Ni lako, na mikono yangu ingekunja nguo zako vibaya.

Salamu nilizokuahidi ni hizi. Msalimie mwalimu wako. Mwambie yupo mzee mmoja katika kisiwa asichokijua ambaye humtaja kila akifundisha. Mama yako nitamsomea yasini kila Alhamisi, na wewe umsomee ulipo. Nawasikia mlangoni, shangazi yako anagombana na kufuli, na mwanga umekwisha.

Jioni hii kuna kibua tena. Usinitolee miiba.

Baba yako